Minazi ya Mjomba

Nakumbuka asubuhi moja mwishoni mwa msimu wa kaskazi, hapa kwetu Mkokoni. Bahari ilikuwa shwari, maji maangavu hata mchanga wa chini ukionekana. Binti yangu Mwanahawa alitoka chumbani na miwani ya kuzamia mkononi, nami nikasimama mlangoni nisimpishe. Mwanangu unayenisoma, ndevu zangu wakati huo zilikuwa zimeanza mvi, lakini akili ilikuwa bado mbichi. Na ubichi ule nilikuwa nao tangu ujana, kama utakavyosikia.

Mwanahawa alikuwa mwaka wa tatu chuo kikuu, akisomea usimamizi wa mazingira na uhifadhi wa viumbe. Alipochaguliwa nilifurahi mno. Nililisikia neno usimamizi, nikaona meza, kiti na feni. Nikawatangazia watu barazani kwamba binti yangu atakuwa mkubwa wa ofisi. Sikumuuliza hata mara moja anasoma nini hasa. Kumbe masomo yenyewe yalikuwa chini ya maji. Mhadhiri wake alimtuma yeye na wenzake wawili wapime matumbawe ya upande wa Kiwayu, yaliyokuwa yamepauka kwa joto la bahari, na Bwana Kale, mvuvi wa hapa kijijini, alikubali kuwachukua kwa mashua yake. Asiyepima hana cha kuandika, na asiyeandika hapandi darasa. Hayo yote alinieleza kwa upole.

Lakini jana yake Lali, niliyesoma naye sekondari kule Lamu, alinichokoza mbele ya watu. "Bwana Shee, ofisi ya bintiyo ina feni, au ni mapezi tu?" Baraza zima likacheka, mmoja akapaliwa na kahawa. Basi nikaona heri binti yangu apoteze mwaka kuliko mimi kuchekwa.

"Baba, nguo yangu yanifunika mpaka miguuni," Mwanahawa aliniambia. "Na wenzangu wote ni wasichana."

"Bahari si mahali pa mwanamke," nikamjibu.

Mashua ikaondoka bila yeye.

Mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa uani akichagua mchele. Alisikia kila neno asiinue kichwa. Baada ya sala ya adhuhuri akaniita.

"Shee, keti. Ulipokuwa skuli Lamu, karo ilitoka wapi?"

"Kwako, mama."

"Kwangu wapi? Mimi nina duka?"

Nikaanza kuokota chuya katika mchele wake.

"Ilitoka mwambani. Mai yamenifika kifuani, leso imenigandama, nachokoa pweza mashimoni. Nikiwakausha, nikiwauza. Siku hizo hukunambia bahari si mahali pa mwanamke. Lakini ndivyo, mla ni mla leo. Mla jana kala nini?" Akapepeta mchele wake kidogo, kisha akaniuliza, "Na ile minazi ya mjomba wako, yazaa bado?"

Mwanangu, sikujua pa kuyaweka macho yangu. Mjomba hakuwa na mnazi hata mmoja. Nilipokuwa shuleni, wenzangu wakiniuliza nani ananisomesha, nilikuwa nikijibu kwamba mjomba ana shamba kubwa la minazi. Niliona haya kumtaja mama na leso yake iliyolowa. Miaka yote ile nilidhani hakujua. Alijua, na bado aliendelea kushuka mwambani.

Mashua iliporudi baada ya siku tatu, nilikimbia kwa Bwana Kale, lakini majuto ni mjukuu. Wale wasichana wawili walikuwa wamemaliza sehemu yao, na siku zile zile upepo ukageuka, maji yakachafuka. "Sasa huoni hata mkono wako mwenyewe humo," akanambia. "Mpaka kaskazi nyingine." Mwanahawa akarudi chuoni mikono mitupu, akarudia mwaka kwa sababu yangu. Nilimwomba radhi. Siku ya kuondoka aliubusu mkono wangu kama kawaida yake, na busu lile liliniuma kuliko kama angenigombeza.

Kaskazi ya pili ilipoingia, mimi ndiye niliyembebea mkoba wake hadi pwani, mama akitufuata nyuma na mkongojo. Tulipita mbele ya baraza, kwa kuwa hakuna ndia nyingine, na hata ingekuwapo nisingeifuata.

"Bwana Shee," Lali akaita, "leo umekuwa mchukuzi?"

"Ndiyo. Mama yangu huyu aliingia maji haya kunisomesha mimi. Nilikudanganya tulipokuwa shule, Lali. Hapakuwa na minazi."

Nilingoja kicheko. Lali alitazama kikombe chake, kisha akainuka na kumwamkia mama yangu.

"Tangu lini nilikuamini?" akanambia. "Mamako na mamangu walichokoa mwamba mmoja. Mimi nilikuwa nikisema karo yangu yatoka duka la babu."

Mama ndiye aliyecheka kwanza. Mwanahawa akapanda mashua.

Leo binti yangu anafanya kazi na vijiji vyetu vya uvuvi, na mwamba aliokuwa akiupima anaujua kama mimi niujuavyo uso wake. Namshukuru Mungu kwa ajili yake, na kwa mama aliyenikemea bila kunifukuza.

Basi, mwanangu, nasaha yangu ni hii. Ukienda kusomea bahari, msitu au wanyama, usitafute kiti tu. Ingia majini, uchafuke. Ukiulizwa nani amekusomesha, mtaje kwa jina na kwa kazi yake, hata kama kazi hiyo yanuka samaki. Mwacha asili ni mtumwa. Na siku utakapokuwa mzazi, muulize mtoto anasoma nini kabla hujamzibia mlango. Kicheko cha baraza huisha kahawa ikiisha, lakini mwaka wa mtoto haurudi.

Mola akujaalie elimu yenye manufaa na moyo wa shukrani, na awape umri waliokulea, wayaone matunda yako kwa macho yao. Amin.