Maji ya Moto ya Tauno

Ukitaka kumjua Taimi Kokkonen, anza na sakafu yake. Ni mbao za msonobari alizozipigilia marehemu mumewe, na yeye amezisugua kwa sabuni hadi zinateleza. Alikuwa mpishi wa shule hapa mjini kwetu Iisalmi hadi alipostaafu, na mpaka leo akikukaribisha kahawa anakuvua viatu kwa macho kabla hujafika kizingitini. Ni mtu asiyependa kuomba. Nami nawajua watu wanaoishi raha mustarehe kwa sababu wenzao hawapendi kuomba.

Nyumba zetu zimeungana ukuta kwa ukuta, na uwanja wetu unateremka. Mlango wa Taimi ndio wa chini kabisa, na mbele yake iko chemba inayopokea maji ya uwanja mzima. Kila mwaka, kabla ardhi haijaganda, tunachomeka fimbo yenye ncha nyekundu kando ya chemba hiyo, ili theluji ikishafunika kila kitu tujue pa kuchimba. Safari hii Tauno, mwenyekiti wa chama chetu cha wakazi, aliing'oa. Eti dereva wa trekta ya theluji alilalamika kwamba inamzuia kugeuza. Basi dereva akageuza apendavyo, na majira yote ya baridi akasukumia theluji palepale, mpaka kilima kikafika dirisha la jiko la Taimi.

Mwezi wa Machi Taimi alimeza kiburi chake akamwendea Tauno. Nilikuwa nje nikikung'uta zulia, nikasikia yote.

"Mwenyekiti, chemba iko chini ya kile kilima. Mvua ikinyesha juu ya theluji, na ardhi bado imeganda, maji yatapita wapi? Kwangu!"

"Taimi, Taimi. Si tuna siku yetu ya kazi ya pamoja mwezi wa Mei? Tutachimba, tutafagia, tutachoma soseji."

"Theluji inajua habari za Mei?"

"Basi iandikie barua!" Akacheka peke yake.

Mvua ilikuja Aprili, Jumamosi mchana, mvua ya vuguvugu isiyo na aibu. Kilima kikaanza kutoa maji kila upande. Taimi akatoka na koleo. Mapazia yakatikisika nyumba zote, lakini hakuna mlango uliofunguliwa. Kwetu, kumsaidia mtu ambaye hajaomba ni kama kumwambia hajiwezi, na jambo hilo tunaliita heshima. Heshima gani? Ni uvivu mtupu! Nikavaa mabuti.

"Nani kakuita, Hilkka?" akaniuliza bila kuinua kichwa.

"Hakuna. Sogea huko."

Bila ile fimbo tulichimba kwa kubahatisha, huku tukidunga barafu kwa mtarimbo. Maji yalikuwa yameshapanda ngazi ya kwanza ya mlango wake chuma kilipogonga chuma. Tukaondoa mfuniko, na ndani kumezibwa na barafu tupu, ngumu kama saruji. Pale koleo halina kazi. Panatakiwa maji ya moto, tena mengi.

Na maji ya moto yalikuwepo. Sauna yetu ya pamoja, kile chumba cha kuogea mvuke pale juu ya uwanja, ilikuwa imewashwa tangu adhuhuri na pipa lake linachemka. Ila ilikuwa zamu ya Tauno. Katika nyumba zetu unaweza kumtorosha mke wa mtu na siku moja ukasamehewa. Zamu ya sauna haiguswi.

Taimi alichukua ndoo mbili akapanda. Nikamfuata na zangu. Hakubisha hodi. Tauno alikuwa juu ya benchi, mwekundu, anajichapa mgongo kwa kitita cha matawi, kama ilivyo desturi ya sauna.

"We! Hii zamu yangu!"

"Kaa na zamu yako. Mimi nataka maji."

"Niko uchi, mama!"

"Sina muda wa kukutazama, Tauno. Pisha!"

Tulibeba mpaka pipa likakauka. Barafu ikapasuka, chemba ikabweka, na maji ya uwanja mzima yakaanza kuzunguka yakishuka. Nikageuka kumpongeza Taimi, nikamwona anatazama mlango wake. Maji yalikuwa yamemtangulia ndani. Mbao za mumewe zilikuwa zimeyanywa, na kufika jioni zilianza kuvimba na kung'oka. Yeye hakulia. Nililia mimi, kwa hasira.

Jumanne Tauno akaitisha mkutano. Nikadhani ni wa chemba. Mezani kulikuwa na kahawa na mikate ya iliki juu ya kitambaa cheupe, na hoja ilikuwa moja tu: Taimi amevunja utaratibu wa sauna, apewe onyo.

"Na fimbo uliyoing'oa je?" nikafoka. "Na sakafu yake?"

"Hilo halimo katika ajenda, Hilkka. Tutalizungumza Mei."

Mikono ikapanda mmoja baada ya mwingine, yote isipokuwa wangu na wa Taimi. Watu walewale wa mapazia.

Taimi akasimama. Akatoa chini ya kiti chake ubao aliokuwa ameung'oa sakafuni asubuhi ile, ungali unachuruzika, akaulaza mezani katikati ya mikate.

"Huu hauwezi kungoja Mei," akasema.

Maji meusi yakatambaa juu ya kitambaa. Kila mmoja aliinua kikombe chake, kisilowe.