Umeme wa Kichwani mwa Victoire

Marcelline ni msusi wa Bertrams, mtaa wa Johannesburg, na wateja wake husema hajawahi kuacha hata unywele mmoja ukichomoza. Basi binti yake Victoire alipopangiwa kipimo cha ubongo, alifanya kile ambacho mama yeyote wa kwao Lubumbashi angefanya, maana kwa daktari mtoto haendi na kichwa kama kichaka. Alimsuka mistari myembamba iliyobana, akaongeza rasta za kahawia, akapaka mafuta mpaka ngozi ya kichwa ikang'aa.

Hospitalini walipokewa na Gaudence, dada wa kipimo, Mrundi aliyekulia Joburg. Alimtazama Victoire, akashika kiuno.

"Maman, mtoto amependeza kweli. Lakini hivi simpimi."

Akamwonyesha elektrodi: visahani vya madini vidogo kama vifungo vya shati, kila kimoja kwenye ncha ya waya mrefu. Lazima viguse ngozi yenyewe. Penye mafuta havishiki, na penye msuko havifiki.

"Hawakukuambia aoshwe kichwa, asipakwe kitu?"

"Waliniambia. Lakini aje hivihivi? Watu wangesema simtunzi!"

Miadi hiyo waliingoja tangu wakati wa baridi. Victoire alikuwa na tabia ya kuzima ghafla, katikati ya maneno, macho wazi, mdomo kimya, kisha anaendelea kama hakuna kitu. Mwalimu alisema ni mvivu, anaota mchana. Halafu siku moja Victoire akazima katikati ya barabara, robot, zile taa za barabarani, imeshayaruhusu magari, na Marcelline akamvuta kwa mkoba wa shule. Bila kipimo, dawa hakuna.

"Nafasi yako nampa mwingine kwanza," Gaudence akasema. "Ukiwahi kufumua kabla sijafunga, nampima."

Marcelline alikuwa ameshachomoa kitana. Gogo mmoja, bibi mzee aliyekuwa kwenye foleni, akasogeza kiti, akashika upande wa pili.

"Eish, mama, ulimfunga hivi asitoroke?"

"Yoh, Mama, inauma!" Victoire akalia.

"Nyamaza, ni akili yako tunaitafuta."

Rasta zikajaa mapajani mwao. Wakamwosha kichwa kwenye sinki, wakamkausha, na Gaudence akaanza kubandika visahani kwa dawa nzito nyeupe.

"Huo umeme hautamchoma?" Marcelline akanong'ona.

"Haziingizi kitu, Maman. Zinasikiliza tu. Umeme ni wake mwenyewe."

"Wake?"

"Kila mtu anao. Mdogo mno, hauwashi hata taa. Elektrodi zinauokota, mashine inaukuza."

"Basi huo haukatwi kama wa mtaani kwetu," Marcelline akasema, na Gaudence akacheka.

Mistari ikaanza kukimbia kwenye skrini. Victoire akipepesa jicho, inaruka. Alipoambiwa afunge macho, ile ya kisogoni ikajipanga yenyewe, mawimbi madogo sawasawa, kama njia za kitana kwenye nywele zenye maji. Akafungua macho, mawimbi yakatoweka. Marcelline akajiziba mdomo. Miaka yote mikono yake imeshinda juu ya vichwa vya watu, na chini ya vidole vyake, ng'ambo tu ya mfupa, haya yote yalikuwa yakipita!

"Sasa puliza, usiache; pumzi nyingi huamsha kule kuzima," Gaudence akasema, akampa gurudumu la karatasi kwenye kijiti.

Victoire akapuliza, akapuliza. Gurudumu likazunguka, likalegea, likasimama. Macho yake yalikuwa wazi, hayamwoni mtu. Na kwenye skrini mistari yote ikainuka kwa pamoja, kilele na bonde, kilele na bonde, kichwa kizima kwa mwendo mmoja, kama watu wa uwanja mzima wanaosimama na kukaa, kusimama na kukaa. Ndiko mwanangu anakoenda, Marcelline aliwaza.

Kisha ikatulia. Gurudumu likazunguka tena.

"Mbona mnaniangalia?" Victoire akauliza.

Baadaye daktari alisoma mistari ile, akasema si uvivu. Ni kifafa cha kuzubaa, dawa yake ipo, na watoto wengi hukua wakakiacha.

"Mpaka dawa ishike, usimwache peke yake njiani."

Nje ya geti, Marcelline akamshika mkono.

"Mama, mimi mkubwa! Watanicheka."

"Wacheke," akasema, akakaza vidole.