Siku Nilipompandisha Pasta Nunguni kwa Oili Nyepesi

Afadhali niwaambie mwenyewe, kwa sababu hii habari nikiwaachia watu wa Nunguni wataisimulia vibaya zaidi, na nasikia kila wakiisimulia moshi unaongezeka: mimi Kyalo, mtu mzima, mwenye duka la dawa za mifugo pale Salama, nilimfukiza baba mkwe wangu mlima mzima kama mtu anayefukiza mzinga wa nyuki. (Wakati huo hakuwa baba mkwe wangu bado, na kwa sehemu kubwa ya siku hiyo ilionekana wazi kwamba hatawahi kuwa.)

Yote yalianza na gari. Nilikuwa nimenunua gari la spoti la zamani kutoka kwa Mzee Nzioka wa kule Mbooni, jekundu, milango miwili, limekaa chini kiasi kwamba ukikutana na mbuzi barabarani mnaangaliana macho kwa macho. Siku ananikabidhi ufunguo, Mzee Nzioka alilipapasa boneti kama mtu anayeuza ng'ombe aliyemzalisha mwenyewe, akaniambia, "Kyalo, hii gari imezeeka kama mimi. Ipe oili nzito, ile mimi nimekuwa nikiipa, na mtu asikudanganye." Nikaitikia kwa kichwa, mnajua ile ya kumwitikia mzee huku akili iko kwa mngurumo wa injini.

Sasa, kulikuwa na Mwikali. Mimi na Mwikali tulikuwa tumeelewana zamani, lakini kwao nilikuwa bado sijapeleka mbuzi wa ntheo, na bila hao mbuzi wewe kwa Wakamba si mkwe, wewe ni kijana tu anayezoea nyumba ya watu. Baba yake, Pasta Musembi, ni mtu mkubwa wa mwili na mchache wa maneno, na kunijua alinijua kwa salamu tu. Basi Pasta akaalikwa kufungua kanisa jipya Nunguni siku ya Jumamosi, na pikapu yake ikawa inatangulia na viti vya wageni. Mwikali aliponiambia baba yake anatafuta usafiri, sikumwacha hata amalize. Nikasema nitampeleka mimi, na kwa gari la spoti.

"Baba ataingia humo?" Mwikali akauliza.

"Ataingia."

"Kutoka je?"

Hilo swali sikulijibu, na ningelijibu tungeokoa mambo mengi.

Ijumaa nikaona gari haliwezi kubeba mtu wa Mungu na oili chafu, nikaenda duka la vipuri kununua nyingine. Kulikuwa na oili nzito, mkebe umekaa kizee, hauna hata pambo, na kando yake kulikuwa na oili nyepesi kwenye mkebe unaong'aa wenye picha ya gari la mashindano likitoa cheche. Mwenye duka, dada mmoja mpole, akaniambia, "Hiyo nyepesi ni ya magari ya siku hizi. Yako si ni ya zamani?" Nami nikamjibu kwa sauti ya mtu anayejua, "Dada, gari la spoti linataka oili ya spoti."

(Ngojeni niseme hapa kabla hamjasema ninyi: mimi ndiye kila siku nasimama nyuma ya kaunta yangu nikiwagombeza watu, nikiwaambia dawa haichaguliwi kwa picha ya ng'ombe aliyenona iliyo kwenye chupa, uliza kwanza ng'ombe wako ana umri gani na anaumwa nini. Mimi huyo huyo.)

Nikaimwaga ile nzito, nikajaza nyepesi, na nilipoona imefika kwenye alama nikafikiria ule mlima wa Nunguni, nikaongeza kidogo, halafu nikaongeza tena, kama mtu anayempakulia mgeni ugali.

Jumamosi asubuhi Pasta akatoka nyumbani kwake amevaa suti ya rangi ya maziwa, suti ambayo ukiiangalia tu unajisikia mchafu. Akalitazama gari. Akanitazama mimi. Akaanza kuingia, akaingiza mguu, akaingiza bega, akazunguka, akashuka ghafla kama gunia, na gari nalo likashuka naye. Mwikali akajikunja kiti cha nyuma, magoti kidevuni. Pasta akateremsha kioo ili awapungie watu mkono, tukaondoka.

Pale tambarare mambo yalikuwa mazuri hata nikaanza kupanga mbuzi nitawanunua wapi. Lakini tulipoanza kupanda, nikatazama kioo cha nyuma nisione barabara. Nikaona weupe wenye ubuluu mtupu. Kulikuwa na lori nyuma yetu, lilikuwa limepotea. Wale wa boda boda walikuwa wanatokea humo ndani mmoja mmoja, wamefunga macho nusu, na mmoja akatufikia ubavuni akapiga kelele, "Mkubwa, unachoma mahindi huko ndani?"

Pasta akageuza shingo polepole. "Kyalo, hii ni nini?"

Hapa ningesimama. Mtu mwenye akili angesimama, angesema Pasta, nimekosea oili. Mimi nikasema, "Ni ukungu, Pasta. Nunguni kuna baridi."

"Ukungu unatufuata?"

"Huku ndivyo ulivyo."

Kutoka nyuma sauti ya Mwikali ikasema taratibu, "Baba, huu ukungu unanuka kama chapati iliyoungua."

Halafu taa ndogo nyekundu ikawaka mbele yangu, ile taa ya oili, na mimi nikaweka mkono juu ya usukani kwa namna ambayo kidole gumba kiliifunika, nikaendesha hivyo kona zote zilizobaki, nikiomba kimoyomoyo kuliko nilivyowahi kuomba kanisani. Nilijua nikisimama kwenye jua lile, na suti ile, mbuzi wangu wamekwisha. Bora tufike, nikajiambia, tukifika itajulikana mbele.

Tulifika kweli. Kwaya ilikuwa imejipanga kando ya barabara na mavazi ya zambarau, utepe umefungwa mlangoni, akina mama wanapiga vigelegele, na mimi (hili ndilo huwa linaniamsha nikiwa nimelala) nikasema wacha niwape mngurumo kidogo, nikakanyaga.

Moshi uliotoka hapo sijauona tena mahali popote. Wimbo ulikatika katikati ya neno. Soprano wakapotea, kisha besi wakapotea, halafu kanisa lenyewe likapotea, na tulichosikia ni watu kukohoa na mama mmoja kulia, "Mwaitu, mama yangu! Pasta anaungua!"

"Haungui!" nikapiga kelele. "Ni oili tu!"

Neno "oili" halikusaidia. Akina mama walitoka jikoni mbio na walichokuwa nacho mkononi. Beseni la kwanza lilikuwa maji safi, nalo likapata boneti. La pili lilikuwa karai la maji ya kuoshea matumbo, na mama aliyelibeba alikuwa na shabaha nzuri sana, akalipitisha lote kwenye kile kioo kilichoteremshwa.

Pasta alikaa tu. Kipande kidogo cha utumbo kilikuwa begani pake, na mimi kwa heshima nikanyoosha mkono nikitoe, akanitazama, nikaurudisha.

"Mtoeni nje!" wakasema wazee wa kanisa, na hapo ndipo tulipogundua kwamba Pasta hatoki. Alikuwa amezama kwenye kile kiti. Wazee wawili wakamvuta mikono, mimi nikamsukuma mgongo kutoka ndani, Mwikali kutoka nyuma anasema "Baba, pumua nje, pumua nje," na alipochomoka kwa ghafla tulisikia mlio mrefu, kraaa, nao ulikuwa mshono wa koti kuanzia kwenye kola mpaka kiunoni.

Kanisa la Nunguni lilifunguliwa na pasta aliyevaa joho la kwaya, la mama wa sauti ya kwanza, limeishia magotini. Alihubiri vizuri, tena kwa utulivu. Mimi nilisikiliza nikiwa nje karibu na gari, kwa sababu kila nilipojaribu kuingia watu walinusa kisha wakageuka.

Nikampigia Mzee Nzioka simu. Alicheka mpaka nikasikia mke wake akimuuliza kama ameumwa. Kisha akanieleza: injini imelika kwa miaka, ina nafasi nafasi ndani, ile oili nzito ndiyo ilikuwa inaziba, hiyo nyepesi inapenya kila mahali, inaingia kwenye moto inaungua, na kwa vile nilikuwa nimejaza kupita alama, ndiyo nikazidisha. "Lakini Kyalo," akasema, "si nilikuambia?" Nikamwambia mtandao ni mbaya, nikakata.

Jioni ilibidi gari livutwe. Likafungwa kwa kamba nyuma ya ile pikapu ya Pasta, na mtu wa kushika usukani ni nani kama si mimi. Tukapita katikati ya soko la Nunguni polepole, Pasta mbele na joho lake, mimi nyuma kwa kamba kama ndama anayepelekwa mnadani, na watu wote wa soko wamesimama kando ya viazi vyao wakitazama. Mwikali alikuwa nyuma ya pikapu juu ya viti, ananiangalia, kajiziba mdomo kwa leso, mabega yanatikisika. Nikajua analia. Hakuwa analia.

Mwisho wa soko pikapu ikasimama. Pasta akashuka, akaja mpaka kwenye kioo changu, akainama, kazi kubwa kwa mtu kama yeye, mpaka uso wake ukawa karibu na wangu. Nikasema, "Pasta, nisamehe. Niliogopa kukuambia ukweli."

Akaliweka sawa lile joho. Kisha akasema, "Mwikali ananiambia unataka kuleta mbuzi."

"Ndiyo, Pasta."

"Lete." Akaanza kujiinua, akashika kiuno. "Lakini uwalete kwa miguu."

Niliwapeleka kwa miguu, barabara nzima, na mmoja wao alikuwa mkaidi ajabu. Siku hizi gari linakunywa oili nzito peke yake, nayo nainunua kwa yule dada wa vipuri, namwambia umri wa gari kabla hajaniuliza. Na nimeapa jambo moja: nikiona moshi nyuma yangu, hata kama nimembeba nani, nitasema ni moshi.