Chui wa Bafta na Masikio ya Sajini

Siku yangu ya kwanza kazini nilipokelewa na mtu mwenye sikio moja. Alikuwa Koplo Mutuma, mlinzi wa geti katika ofisi ya wanyamapori hapa Isiolo. Sikio lake la kushoto lilikuwa limebaki na chui kwenye kichaka fulani. Nilimsalimia huku nikitazama viatu vyake.

"Tazama tu," akaniambia. "Kila mtu hutazama. Wewe ndiye kijana wa ghala la silaha?"

"Ndiyo, Afande."

"Basi wewe ndiye utakuwa unatupa risasi. Mimi nilipewa zenye hazikuwa nzuri. Ya kwanza ilikataa kulia. Ya pili ililia, chui akapiga chafya." Akashika mahali sikio lilipokuwa. "Haya, ingia. Kazi njema."

Nawaandikia ninyi mnaoshika kazi hii leo, ili mjue jinsi tulivyoifanya miaka ya sabini, na pia mjue mtu aliyekabidhiwa ghala lile alikuwa wa namna gani. Nilikuwa kijana wa wasiwasi. Nikifunga mlango, nilirudi kuusukuma. Nikitawadha, nilijiuliza kama viwiko vimepata maji, nikaanza upya. Mwalimu wangu wa madrasa aliniambia wasiwasi ni wa shetani, nisiusikilize. Nikaingiwa na wasiwasi kwamba sikumsikia vizuri.

Kazi yenyewe sikufundishwa na mtu. Nilijifunza kwa kitabu cha bunduki kisichokuwa na jalada wala kurasa za mwanzo, kwa hiyo mwanzoni nilijua kusafisha bunduki lakini sikujua inavyofunguliwa.

Ghala lilikuwa na bunduki moja ya marisau, yenye mitutu miwili iliyolala sambamba. Risasi yake si kama ya raifo, ambayo ni kipande kimoja. Ni kikopo cha karatasi ngumu chenye kitako cha shaba. Ndani mna baruti, juu ya baruti kizibo, na juu ya kizibo chembe za risasi, ambazo ndizo marisau. Tulikuwa na aina mbili. SG ilikuwa na chembe chache, kila moja kubwa kama mbaazi. AAA ilikuwa na chembe nyingi, ndogo kama pilipili manga. Kila mtu pale ofisini alikuwa na aina aliyoiapia, na hakuna aliyewahi kuzipima.

Sikuwa nimezoea hata harufu ya mafuta ya bunduki wakati Bwana Wodeni, mkuu wetu, aliponiita. Mbele yake alisimama Sajini Ekai, Mturkana mrefu aliyeshughulikia wanyama waliosumbua watu.

"Kuna chui Kipsing," alisema Wodeni. "Anaingia bomani mchana, anachukua mbuzi, anarudi kichakani. Sajini anakwenda Alhamisi na lori. Wewe uniambie atumie risasi gani. Sitaki kukisia. Sikio la Koplo linanitosha."

"Bwana Wodeni," Sajini akasema, "marisau ni marisau. Mimi naelekeza upande wa mnyama, yenyewe yanamtafuta." Akaonyesha kwa mikono jinsi alivyozoea kupiga, kitako cha bunduki kikiwa kiunoni kama mtu anayemwagilia sukumawiki.

Nilimtazama masikio. Yalikuwa makubwa, mazuri, yametokeza pembeni. Nikajiona nimekabidhiwa hayo mawili, na nisipofanya kazi sawasawa, Sajini atarudi na moja, au asirudi.

Kitabu changu kilieleza namna ya kupima. Unatundika kitu cheupe kipana, unarudi hatua thelathini, unapiga, kisha unatazama marisau yametawanyika vipi. Unapima kila aina kwa kila mtutu, kwa sababu mitutu ya bunduki moja haifanani. Wetu wa kushoto ulikuwa umebanwa kidogo karibu na mdomo ili marisau yatoke yameshikana. Mafundi huita kubanwa huko choki. Wa kulia ulikuwa wazi.

Karatasi za madukani zilikuwa ndogo, kwa hiyo nikaenda mtaa wa Wabera kwa Mzee Jama, muuza nguo.

"Nipe bafta nyeupe," nikamwambia. "Urefu wa mtu mzima, na upana wa kutosha."

Mzee Jama akaweka mkasi chini. "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Ni nani?"

"Ni ya kazini, Mzee."

"Ya kazini," akarudia polepole. Akakata kitambaa, akakikunja vizuri, akaweka juu yake pamba na ubani, kama ilivyo desturi ya sanda. Nilikuwa na haraka, na nilikuwa na haya. Nilichukua vyote nikaenda.

Baada ya alasiri wazee wa Wabera waliingia ofisini mmoja mmoja, kofia zimenyooka, nyuso zimeinama. Bwana Wodeni alitoka kuwapokea. Wakamshika mkono. "Pole sana, Bwana Wodeni. Mungu amweke mahali pema." Alikuwa mtu wa adabu, akashukuru, akaagiza chai. Chai ilipoisha ndipo alipouliza kwa upole ni nani amefariki.

"Hatukuambiwa jina," alisema Mzee Jama. "Sisi tulidhani ni Sajini Ekai."

Sajini alikuwa amesimama mlangoni, akitafuna tumbako.

"Bado," alisema. "Mimi naenda Alhamisi."

Wodeni hakunigombeza. Alinitazama tu mpaka nikajikuta nikivifunga vifungo vya shati ambavyo tayari vilikuwa vimefungwa. Nikarudisha pamba na ubani, nikarudi kwenye kipimo changu.

Hapo ningeweza kupiga risasi zangu nikamaliza. Lakini nilipoitundika ile bafta nyuma ya ofisi ilinisumbua. Nyeupe tupu si chui. Kazi kamili ilitaka chui kamili. Nikachukua makaa nikamchora, mkia, masharubu na madoa yake yote, kila doa kwa uangalifu. Koplo Mutuma alitoka getini kunirekebishia kichwa cha chui, kwa kuwa ndiye aliyekiona kwa karibu kuliko sisi wote.

Nikapiga SG kwa mtutu wa kulia. Nikakimbia kutazama. Nikasimama pale nikitafuta.

"Imeingia wapi?" Sajini aliuliza.

Sikujua. Doa lilikuwa jeusi na tundu lilionekana jeusi, na mimi nilikuwa nimemjaza chui madoa kuanzia pua hadi mkia.

"Kijana," Sajini akasema, "huyu umemchora mpaka risasi zimepotea."

Koplo alicheka hadi akakaa chini. Niliona aibu ikinipanda kichwani, na hapo ndipo nilipomshusha chui wangu nikamwinua mbele ya jua. Matundu yakang'aa kama nyota. Madoa hayakung'aa. Baada ya hapo kazi ilikwenda vizuri. Tulipiga, tukainua, tukaziba matundu kwa vipande vya plasta, tukapiga tena.

Tulichokiona ni hiki. Mtutu wa kulia ulizitawanya SG sawasawa juu ya mwili wote wa chui. Wa kushoto haukuzipenda kabisa, chembe kubwa ziligombania kutoka mahali pembamba zikaenda ovyo, nyingine zikimpita chui juu ya mgongo. AAA zilipita huo huo wa kushoto kwa utulivu, zimekusanyika kifuani. Basi SG kulia, AAA kushoto. Kisha nikachukua kila risasi na kuitia mtutuni kwa mkono. Zile ambazo karatasi zake zilikuwa zimevimba kwa unyevu nilizitenga. Koplo alizitambua, zilikuwa kama zile zilizomkosesha sikio. "Hizo ndizo shemeji zangu," akasema.

Alhamisi, lori likiwa linanguruma, nilimwomba Wodeni nifanye kipimo kimoja zaidi. Sajini akanijibu kabla ya Wodeni. "Panda. Utapima huko huko."

Kipsing tulipokelewa na mama mtu mzima wa Kisamburu, mwenye boma, tuliyemwita Yeyo, yaani mama. Alituonyesha kichaka, bonde dogo lililofungamana miiba, nyayo za chui zikiingia na hazitoki. Sajini akaanza kutia risasi. Mimi nikamwuliza Yeyo swali ambalo lilikuwa limenikaa tumboni tangu tuondoke mjini.

"Yeyo, akitoka hapo anakuwa mbali kiasi gani na mtu?"

"Kama wewe na mimi," akasema. Tulikuwa tumesimama karibu kiasi cha kupeana mkono.

Mimi nilikuwa nimempimia Sajini hatua thelathini, na ndani ya kichaka kile hukuweza kuona hata tatu.

"Afande, ngoja. Hatujapima kwa karibu."

"Karibu ni rahisi zaidi."

"Sijui, Afande. Na wewe hujui. Tafadhali."

Alinung'unika kwa Kiturkana maneno ambayo sikuomba tafsiri. Yeyo akatuazima ngozi kavu ya mbuzi. Niliitundika mbali na kichaka, kwenye mti uliokuwa kando ya nyumba yake. Sajini akasimama hatua tatu, akaweka kitako kiunoni kama kawaida yake, akapiga.

Ngozi haikutikisika. Kandoni mwake kibuyu cha maziwa kilichoning'inia kwenye tawi kilikuwa kimepasuka, na maziwa yalikuwa yanashuka kwenye gome.

Yeyo alikitazama kibuyu, akamtazama Sajini. "Mimi nililalamika juu ya chui," alisema. "Sasa nina wawili."

Nilikimbilia mti. Marisau yalikuwa yametoboa tundu moja tu kwenye gome, dogo kuliko ngumi yangu. Kwa karibu namna hiyo hayapati nafasi ya kutawanyika, yanakwenda pamoja kama donge moja, nawe huna budi kulenga kama unayetumia raifo. Sajini aliingiza kidole kwenye tundu lile, akakitoa, akakiangalia. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akifikiri kabla ya kusema.

"Tuseme nimlenge kutoka begani," akasema.

"Tuseme hivyo, Afande."

Akapiga tena, kutoka begani, ngozi ikapata tundu katikati. Kisha akatia risasi mpya, akaingia kichakani peke yake. Mimi, Yeyo na dereva tulibaki nje. Nilisoma kila dua niliyoijua, nikawa sina hakika na mpangilio wa aya, nikaanza upya.

Mlio mmoja. Halafu hakuna kitu, hata ndege.

Halafu sauti yake, taratibu: "Kijana. Kulia ulisema ni SG?"

"Ndiyo, Afande."

"Basi iko sawa."

Alitoka akimburuta chui kwa miguu ya nyuma. Chui alikuwa na tundu moja kifuani. Nilitoa utepe wa kupimia nikainama, kwa maana nilitaka kujua upana wake.

"Wacha hiyo," akasema Sajini. Akainamisha kichwa mbele yangu. "Anza na masikio. Yangu."

Nikayahesabu. Wodeni alipouliza taarifa yangu, nilimwambia yote mawili yapo, na kwamba ofisi imevunja kibuyu. Kilipelekwa kingine, kikubwa zaidi, na Sajini alikibeba mwenyewe magotini mpaka Kipsing.

Baadaye nilipelekwa Garba Tula chini ya mkuu mwingine, aliyenizuia kuchora. Miaka ya themanini nilirudi hapa nikiwa msimamizi wa ghala, na kila mgambo aliyechukua bunduki ile alipima kwanza, kwa mbali na kwa karibu, akalalamika, akapima. Walinipa jina la Bafta. Nilistaafu nalo.

Wasiwasi haukustaafu. Nakaa mtaa wa Kiwanjani, na mlango wangu bado nausukuma. Lakini Ijumaa, nikitoka msikitini, humkuta Sajini Ekai kwenye benchi langu, mzee sana sasa, akingoja chai. Hasikii vizuri. Nikimsalimia huweka kiganja nyuma ya sikio, la kulia kwanza, kisha la kushoto, nami napaza sauti narudia salamu kwa yote mawili.