Injini ya Vitunguu Ndani ya Boti

Huku kwetu Mang'ola, pembeni mwa Ziwa Eyasi, mtu hahitaji saa. Pampu zikianza mashambani ujue kumekucha. Zikinyamaza ujue watu wanakula. Kitunguu kinakunywa maji kuliko ng'ombe, kwa hiyo kila mwenye shamba ana injini yake ya dizeli ya silinda moja, ile ya kuwasha kwa kuzungusha mkono mpaka bega liteguke. Zote zinasema neno lile lile kutwa nzima, du-du-du-du, kama wanawake wengi wanaotwanga kwenye kinu kimoja.

Mimi peke yangu nilikuwa na petroli. Ilikuwa injini ndogo iliyofungwa nyuma ya boti, na sauti yake ilikuwa nyembamba, ya kuudhi, ya mbu anayekutafuta sikio. Wavulana wa mashambani walinicheka. Nikawaacha wacheke, maana mama yangu alikuwa anaipenda ile sauti, na mama alikuwa ndiye mtu pekee aliyebaki duniani wa kunisubiri.

Nieleze vizuri. Nilikuwa fundi wa magari ya watalii kule Karatu mjini, miaka na miaka chini ya magari, napigwa na mafuta machafu usoni. Mwaka ule watalii walipopotea, gereji ikafungwa. Mke wangu akasema anakwenda Dodoma mara moja kumtazama mjukuu. Yule mjukuu sasa anaenda shule na kurudi mwenyewe, na mke wangu bado anamtazama. Simlaumu. Mimi si mtu rahisi kukaa naye, nina hasira za karibu na maneno yangu ni machache, na machache hayo yenyewe ni makali. Basi nikafunga virago nikashuka ziwani kwa mama, kwenye nyumba ambayo marehemu baba aliijenga.

Mama alikuwa haoni. Vikope vilimmaliza macho taratibu, nikiwa bado nahangaika na magari ya watu. Lakini masikio yake, aisee! Alikuwa akijua kuku gani ametaga. Nilinunua boti ya mbao kwa mvuvi wa Kanda ya Ziwa aliyekuwa anarudi kwao, ile miaka ziwa lilipojaa mpaka likameza miti ya migunga iliyokuwa nchi kavu, na samaki wakawa wengi. Asubuhi naingia majini, alasiri narudi na kambale. Nikifika pale kwenye mti mkavu uliosimama ndani ya maji, mama alikuwa ameshaisikia injini. Ananyanyuka, anachukua hotpoti ya ugali, anaishika kamba niliyoifunga kutoka mlangoni hadi kwenye mgunga wa ufukweni, na anashuka taratibu. Nikigusa mchanga, yuko pale. "Nimekusikia tangu mbali," anasema kwa Kiiraqw, kila siku maneno hayo hayo. Na mimi kila siku najibu, "Haya, mama." Basi. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu, na yalinitosha siku nzima.

Tatizo lilikuwa petroli yenyewe. Dizeli huku iko kila kona kwa sababu ya pampu, lakini petroli uifuate Karatu kwa madumu, na mvua ikinyesha barabara inageuka matope matupu. Ya chupa wanayouza njiani imechanganywa na kila takataka. Siku moja injini ikanizimikia katikati ya ziwa, upepo wa kutoka mlima Oldeani ukaanza kunisukuma nilikotoka, na nilipiga kasia mpaka viganja vikachubuka. Nilipofika ufukweni jua lilikuwa linazama. Mama alikuwa amekaa chini ya mgunga tangu mchana, kanga imejaa vumbi, hotpoti mapajani. Hakulia. Aliniuliza tu, "Ni wewe?" Lile swali lilinichoma. Nikajiapiza kuwa hataniuliza tena, nitafunga injini isiyojua kuzimika.

Na injini isiyojua kuzimika naijua. Ni ya kitunguu.

Nilipata moja iliyotupwa nyuma ya ghala, silinda imejaa kutu. Niliifungua yote chini ya mgunga, mama amekaa pembeni anasikiliza spana. Alikuwa anauliza, "Hapo umefungua nini?" na mimi namweleza, pistoni, ringi, nozeli, naye anaitikia kama anaelewa. Siku zile nilikuwa na furaha, nakiri. Injini ile ni nzito, huwezi kuining'iniza nyuma kama ile ya petroli. Boti ingesimama kichwa juu. Ikabidi ikae katikati, juu ya mbao mbili nene za mninga nilizozifunga kwa boliti mpaka kwenye mbavu za boti. Kisha nikatoboa tako la boti. Kutoboa boti yako mwenyewe kwa mkono wako kunahitaji moyo! Nikapitisha shafti niliyoikata kutoka ekseli ya gari la watalii, nikaizungushia kamba iliyoloweshwa grisi ili maji yasipenye, na nje nikafunga propela. Mkanda ukatoka kwenye injini kwenda kwenye shafti, na mti wa kuukaza na kuulegeza ndio ukawa klachi yangu. Maji ya kupoozea nilichota kwenye chemchemi, maana maji ya ziwa yana magadi, yangekula chuma mpaka kikabaki ganda jeupe.

Ile ya petroli nikaiuza siku hiyo hiyo kwa wavuvi waliokuwa wanahama. Nilijiona kidume kweli.

Siku ya kwanza niliondoka du-du-du-du, boti inatetemeka mpaka meno yanagongana, lakini upepo ulipokuja injini haikujali hata kidogo. Nikarudi mapema, nimekaa wima kama mkuu wa wilaya. Nikapita mti mkavu. Nikagusa mchanga. Chini ya mgunga hapakuwa na mtu.

Nilimkuta mama amekaa mlangoni, ameinamisha kichwa upande anasikiliza. Nikamsalimu, akashtuka mpaka akamwaga maji. "Umetokea wapi wewe? Boti yako sijaisikia."

Hapo ndipo nilipoelewa nilichokifanya. Fundi mzima, mvi kichwani! Nilikuwa nimechukua sauti moja tu ambayo mama aliitambua katika bonde lote, nikaibadilisha na sauti ya kila mtu. Na ile ya petroli imeshakwenda na wavuvi; maji yakimwagika hayazoleki.

Nilihangaika na ekzosi. Nikaweka bomba refu, nikaweka fupi, nikafunika kopo la maziwa juu yake, nikatoboa matundu. Kila mara naiwasha ufukweni namuuliza mama, "Sasa je?" Anasikiliza kwa makini, anataka kunifurahisha, kisha anasema, "Hiyo ni pampu." Ile ya matundu akasema, "Hiyo ni pampu inayoumwa." Tulicheka wote wawili. Mimi nilicheka ili nisitukane.

Yeye akajaribu njia yake. Kila pampu iliyowaka, ananyanyuka. Anashika hotpoti, anashika kamba, anateremka hadi kwenye mgunga, anasubiri, anapanda tena. Kwa siku anashuka mara nyingi mpaka miguu ikavimba. Nikamkataza. Nilimkataza kwa ukali, kama kawaida yangu. Akaacha kushuka kabisa. Nikawa narudi, nafunga boti, napanda mwenyewe, namkuta ameelekeza uso ukutani. Ugali umepoa. Nilikuwa naishi na mtu nyumba moja na bado nilikuwa narudi kwangu kama mpangaji. Upweke wa hivyo sikuwahi kuujua hata mke wangu alipoondoka.

Kati ya nyumba yetu na ziwa kuna shamba la mama mmoja wa Singida, mjane, anayelima vitunguu na kugombana. Pampu yake iko kwenye mfereji, hatua chache kutoka kwenye ile kamba yetu. Tulikuwa hatusalimiani, kwa sababu nilishawahi kumwambia anafunga mkanda vibaya, naye akaniambia nikafunge mdomo wangu kwanza.

Alasiri moja nilirudi, nikapanda nyumbani, mama hayupo. Hotpoti haipo. Nilifuata kamba mbio, na katikati nikamwona. Alikuwa ameiachia kamba akaifuata sauti. Amekaa chini kando ya pampu ya yule jirani, mkanda unazunguka, ncha ya kanga yake inapepea karibu nao kiasi cha kiganja. Amepakata hotpoti. Na alikuwa anazungumza. Alikuwa anaiambia ile pampu kwa Kiiraqw, "Upepo umekupiga leo? Mbona hunijibu? Umenikasirikia mpaka lini, mwanangu? Zima basi ule."

Nilikata mafuta. Pampu ikakohoa, ikanyamaza.

"Ee, hivyo," mama akasema, na uso wake ukafunguka. Akafunua hotpoti, akanyoosha mikono yote miwili mbele yake. "Karibu chakula."

Nilikaa pale pale kwenye tope, mbele ya ile injini, nikapokea. Nikala. Nilikula mpaka tonge la mwisho. Sikumwambia alikuwa anaongea na nani, wala sitamwambia mtu mwingine zaidi ya hapa.

Jirani akaja mbio, jembe begani. "Nani amezima pampu yangu? Wewe fundi una wazimu? Maji yangu—" Kisha akamwona mama, akaona hotpoti, akaniona nalia na tonge mkononi. Akashusha jembe. "Shikamoo, bibi," akasema polepole. Mama akaitikia marahaba, akamkaribisha ugali naye.

Kesho yake nilifanya jambo ambalo ningelifanya mapema kama si kiburi. Nilipofika kwenye mti mkavu nilizima injini. Boti ikaendelea kuteleza yenyewe. Nikaweka mikono mdomoni nikaita, "Aayoo!" Ndivyo tunavyomwita mama kwa Kiiraqw. Sauti ilitoka mbovu, imekwaruza, kwa sababu sikuwa nimezoea kuipaza isipokuwa kwa ugomvi. Halafu pampu ya jirani ilikuwa inanguruma, ikaimeza yote. Nikaita tena. Nikaona aibu, mwanamume mzima anamlilia mama yake ziwani.

Ghafla pampu ikazimwa. Jirani akasimama kwenye tuta, mkono kiunoni, akapayuka, "Haya, nimezima! Ita basi, usijifanye bwana mkubwa!"

Nikaita. Kutoka juu kule nyumbani nikasikia ngo, ngo, ngo. Mama alikuwa anagonga mfuniko wa sufuria kwa mwiko. Kisha nikamwona anashuka na kamba yake, hotpoti mkononi, karibu anakimbia.

"Nimekusikia tangu mbali," akasema. Nikapokea hotpoti.

Ikawa ndiyo desturi. Alasiri jirani anazima, mimi naita, mama anagonga. Vijana wa mashambani walinitania, "Mtoto wa mama karudi!" nami nawajibu matusi madogo madogo. Na jirani hakuacha kunisema: eti ninamkaushia vitunguu, eti nitamlipa jaruba zima peponi. Nilimfungia mkanda wake vizuri. Akasema ulikuwa vizuri tangu zamani.

Mama alifariki kipindi cha baridi, usingizini, bila kumsumbua mtu. Tulimpeleka juu Mbulu kwenye makaburi ya kwao. Mke wangu alikuja, akalia sana, akarudi Dodoma na watoto. Watu walisema maneno mengi mazuri, na mimi nilikaa kwenye benchi nikiwaza kitu kimoja tu, kwamba kuanzia sasa naweza kuzama ziwani na hakuna atakayechelewesha kula kwa ajili yangu. Ng'ombe haelemewi na nunduye, walinisifu, umemtunza mama. Hawakujua kwamba yeye ndiye aliyekuwa ananitunza.

Nilirudi Mang'ola peke yangu. Ile kamba bado ilikuwa imefungwa mlangoni, na sikuifungua. Nilikaa ndani siku kadhaa, kisha njaa ikanitoa. Nikaingia ziwani, nikategua nyavu, nikageuza. Nilipofika kwenye mti mkavu mkono wangu wenyewe ukaenda kwenye mafuta. Nikaurudisha. Nikapita hivyo hivyo, du-du-du-du, mpaka mchangani.

Jirani alikuwa amesimama chini ya mgunga, jembe mkononi, uso umekunjamana.

"Mbona hukuita?" akanikoromea. "Nimezima pampu tangu saa nane. Majaruba yamekauka, mimi nimesimama kama mlingoti, nakusubiri uite!"

"Nimwite nani?" nikasema. Nilitaka kuwa mkali, sauti ikakatika katikati.

"Wewe ita tu," akasema. "Bonde lote linanguruma. Mimi nitajuaje kama umerudi?"

Akanipa kisogo akapanda shambani kwake, anagombeza mfereji. Nikashusha samaki. Nikafunga fundo la boti, nikalifungua, nikalifunga tena.

Kesho yake, nilipokaribia ule mti, nilikata mafuta. Kule shambani pampu ilikuwa imeshanyamaza.