Miguu ya Bibi Kwenye Filamu Iliyopotea

Ukumbi wenyewe sikuupenda tangu mlangoni. Msimamizi wa onyesho, mwanamke mwenye shali nyekundu, aliniambia nimwombe mama asizungumze filamu ikianza. Filamu yenyewe haina sauti! Nilimjibu kwamba mama yangu amevuka themanini, ametoka Wembley na magoti mabovu, na akitaka kuzungumza atazungumza.

Tulikuja kumwona bibi yangu. Alifariki siku aliyomzaa mama, na picha yake hatuna hata moja. Tulichobakiwa nacho ni kisa. Alipokuwa msichana, Wazungu walifika kwao, pwani ya kusini, kutengeneza filamu ya mapenzi: afisa wa Kijerumani na binti wa Kiafrika, enzi za nyuma, watu wetu walipoinuka kupigana na Wajerumani. Bibi alilazwa jenezani, akafunikwa sanda, akaigiza maiti. Kwao hawakumsamehe. Alipokufa kwa uzazi, shangazi zake walisema kifo alikiita mwenyewe, na mama akalelewa kwa maneno hayo kila siku ya Mungu. Filamu ikapotea. Mwaka huu kikapatikana kipande cha dakika chache, nami nikaona tangazo kwenye simu.

Kwetu maiti haendi kaburini kabla watu wa nyumbani hawajafunuliwa uso wake wamuage. Mama alikuwa na hilo tu moyoni.

"Yule afisa lazima amfunue," aliniambia njia nzima kwenye treni. "Nitamwona, mwanangu."

Taa zikazimwa. Likatokea jeneza, na miguu imechomoza nje ya sanda. Kidole cha pili kimepanda juu ya kidole gumba, kama cha mama, kama changu. Mama akanibana mkono hadi ukauma.

"Ndiye!" akasema kwa sauti.

Watu wakageuka. Mmoja akatunyamazisha. Nilimkazia macho mpaka akarudisha shingo yake mbele.

Afisa akapiga magoti, akashika sanda, akaifunua.

Alikuwa mwanamke wa Kizungu aliyepakwa weusi, nyusi zimechongwa kwa wanja. Kumbe kulala jenezani walimwachia bibi, na uso wakauweka wa nyota wao. Kipande kikaishia hapo. Ukumbi ukapiga makofi, nami nilitamani kuwararua mmoja mmoja.

"Miguu ya mama yangu," mama akasema. "Kichwa cha nani?"

Msimamizi akatujia na tabasamu lake. Amesikia sisi ni familia, angependa kumpiga mama picha kando ya bango. Nilifungua mdomo nimpe zake, mama akanishika mkono. Akakaa kwenye kiti chini ya bango. Akavua viatu, akavua soksi, taratibu, kisha akajifunika uso wote kwa mtandio na kuinyoosha miguu mbele.

"Mwambie apige," akasema kutoka ndani ya nguo. "Afanye haraka, sakafu yao ina baridi."

Nilimfasiria neno kwa neno. Yule mwanamke akabaki ameshika simu, haipandishi wala haishushi, na mama hakujifunua.