Siku Niliyowaomba Wanitaje

Katika maisha yangu nimewaonya watu wengi, walevi, wavivu, wenye kuchelewa misa na wenye kusinzia ndani yake, na kwa hiyo ninajua kwamba wapo watakaoisoma habari hii kwa furaha. Wafurahi, ni haki yao. Aibu niliyoipata siku ya uchaguzi wa kwanza katika vilima vyetu vya Masisi sikuletewa na adui wala na mchawi. Niliitengeneza mwenyewe, kwa kinywa changu, tena kwa Kiswahili kilichonyooka.

Ilikuwa mwishoni mwa utawala wa Wabelgiji. Mimi nilikuwa mwalimu wa dini kwenye kilima kilicho juu ya Nyabiondo, mwenye shamba la maharage na sanduku la vitabu, na watu walinisikiliza kuliko ilivyonifaa. Serikali ikatangaza kwamba wanaume watawachagua wenyewe wajumbe wa baraza la teritware, yaani wilaya yetu. Wanawake hawakuhesabiwa, na mke wangu, Mama Veronika, hakuliacha neno hilo lipite hivi hivi.

"Sisi njo tunachota maji," aliniambia (kwetu njo ni ndio), "na ninyi njo munachagua mambo ya maji."

Kwa maana jambo lenyewe lilikuwa maji. Shamba la pareto la mzungu mmoja lilikuwa limepanuka mpaka likaimeza njia yetu ya kushukia chemchemi, ua wa miiba ukapandwa, na wanawake wakawa wanazunguka kilima kizima, mtungi mgongoni na kamba kwenye paji la uso. Waliokitaka kiti cha upande wetu tulikuwa wawili: mimi, niliyeahidi kuipeleka habari ya njia ile barazani, na Gaspari, kapita, yaani msimamizi, wa shamba lilelile, ambaye ahadi yake ilikuwa kasiksi, pombe ya ndizi, na aliitimiza kabla ya kuchaguliwa.

Karani wa serikali alipokuja kuandikisha watu, nilipita nyumba kwa nyumba nikiwahimiza. Hata Papa Anzelmi, baba mkwe wangu, aliyeamini kwamba kila anayeandikwa na serikali huishia kulima barabara, alikubali kuandikwa kwa ajili yangu, akaipokea karata yake ya kupigia kura kwa mikono miwili na kuificha ndani ya kofia. Ningalikuwa nimeshinda, ndugu zangu, kama ningalinyamaza.

Jumapili ya mwisho kabla ya uchaguzi, watu walipotoka kanisani, mzee mmoja aliniuliza kura ni kitu gani hasa. Ningaliweza kumjibu kwa maneno machache: utaingia, utasema jina la mtu unayemtaka, utatoka. Lakini mimi sikuwa mtu wa maneno machache (wala sijawa bado, kama mnavyoona), na mfano mzuri ulikuwa umenijia wakati wa misa, wakati nilipopaswa kusali. Nikapanda juu ya jiwe la kengele nikasema kwamba kura ni kama kitubio: unaingia peke yako, unasema na dhamiri yako, na kilichomo kinabaki humo, atakayekuuliza, awe mweusi awe mweupe, mfungie kinywa, maana kura ni siri. Kisha nikamlenga Gaspari, aliyekuwa amesimama karibu na mlango, nikaongeza kwamba mtu anayezunguka akijitaja jina lake mwenyewe ili achaguliwe, huyo ni mwizi, na Mkristo humkimbia. Watu walitikisa vichwa kwa kukubali. Gaspari naye alitikisa. Niliporudi nyumbani nilikuwa nimependezwa na mfano wangu kiasi kwamba niliuandika.

Siku yenyewe ilifika, na mistari ya wanaume ikajaa uwanja wa shule, kila mmoja amevaa shati la Noeli. Kwa kuwa wengi wetu hawakujua kuandika, kona moja ya darasa ilizungushiwa mikeka, na humo aliketi karani aliyeletwa kutoka mbali, ili asiyejua kuandika amnong'oneze jina, naye amwandikie. Utaratibu huo mimi niliujua. Nilikuwa nimeusikia kwa masikio yangu siku ya kuandikishwa, na sikuona haja ya kuwaeleza watu jambo dogo namna hiyo.

Nilipiga kura yangu kwa mwandiko mzuri, nikatoka nje, nikasimama chini ya dirisha la kona ile kama mtu anayeota jua. (Mgombea hakuruhusiwa kusema na watu siku hiyo, kusimama kwenye jua hakukukatazwa.) Watu wa Gaspari waliingia wakasema jina lake bila haya, wengine kwa sauti ya kuita ng'ombe. Kisha akaingia mtu wangu wa kwanza, nami nikatega sikio.

"Papa, unachagua nani?" karani aliuliza.

"Iyo iko siri."

"Iko siri yetu sisi wawili. Useme jina, niandike."

"Mwalimu alisema, mwenye kuuliza, tunamufungia kinywa."

Nikasikia karatasi tupu ikikunjwa na kutiwa sandukuni. Nilitabasamu kidogo, nikadhani ni mjinga mmoja. Akaingia wa pili, naye akafunga kinywa. Wa tatu alikuwa na elimu ya dini zaidi, akamweleza karani kwa upole kwamba kwenye kitubio mtu hataji jina la mwenzake, anataja makosa yake tu. Na kwa kuwa hakutaka kumwacha yule mgeni mikono mitupu, akaungama kwamba aliwahi kusogeza jiwe la mpaka wa jirani yake. Jirani alikuwa nyuma yake mstarini. Kicheko kilichotoka mle ndani kilienea uwanja mzima, na karani akauliza, kwa sauti ya mtu aliyechoka, kama huyo Mwalimu wao ni mzima.

Hapo ndipo nilipoelewa. Kila mtu aliyenipenda alikuwa anaingia mle na kuufunga mdomo kwa utii, nami ndiye niliyeufunga. Niliwatazama waliobaki mstarini: wale waliokuja kwenye mafundisho bila kukosa, waliofunga hata chakula asubuhi ile (niligundua baadaye) ili wapige kura kwa usafi. Nikaiona njia ya chemchemi ikifungwa upya, kinywa kimoja baada ya kingine. Nilijaribu kukohoa. Nilijaribu kumkonyeza mmoja wao, naye akanigeuzia uso kwa heshima, akidhani ninamjaribu. Na nilipomwona Papa Anzelmi akivua kofia na kuingia ndani ya mikeka, kitu kilikatika ndani yangu, nikakishika kizingiti cha dirisha, nikaingiza kichwa, nikapiga kelele mbele ya karani, mbele ya mzungu wa serikali na mbele ya parokia nzima. Hata sarufi ilinikimbia.

"Mutaje jina yangu! Mutaje jina yangu, njo mimi!"

Papa Anzelmi alinitazama kwa huzuni ya mtu aliyemkuta mkwe wake ghalani kwa mwenzake. Kisha akamgeukia karani.

"Muandike Gaspari."

"Papa!" nilisema.

"Mukwe wangu, ni weye ulitufundisha. Mwenye kujitaja, tumukimbie."

Polisi aliyekuja kunitoa dirishani nilikuwa nimemfundisha katekisimu. Alinishika mkono kwa adabu, akasema, "Mwalimu, tuende kidogo kule," na kule kulikuwa nyuma ya vyoo vya shule, ambako nilikaa mpaka jioni nikisikiliza kila aliyepita akimwambia mwenzake, "Kaka, mutaje jina yangu." Walipohesabu, karatasi tupu zilizizidi zangu na za Gaspari zikichanganywa pamoja. Kwenye zile zilizoandikwa, kapita alipita.

Papa Anzelmi alikuja kwetu juma lililofuata, akala ugali wetu kama kawaida, hakuomba radhi, nami sikuwa na mahali pa kuidai. Watu wengine walinisamehe upesi, jambo lililoniuma zaidi. Tangu siku hiyo nimeapa kutolifunika jambo jepesi kwa mfano mzuri: mtu akiniuliza njia, ninamwonyesha njia. Niliyafundisha maneno mazuri ili nisikike mimi, nikaliacha lile dogo lililohitajiwa.

Lakini si kiapo kilichonifundisha. Jioni ya siku ile ya uchaguzi, Mama Veronika alirudi kutoka upande wa pili wa kilima, akautua mtungi, akaivua kamba kwenye paji lake na kuiweka juu ya magoti yangu.

"Kesho utaenda weye," alisema.

Nilienda. Ni njia ndefu, na mtungi ukijaa, kamba inakulazimisha kutazama chini. Wanawake wa chemchemini walinipisha nichote mbele yao, wakaniita Konseye, mheshimiwa mjumbe wa baraza, na hakuna hata mmoja aliyelitaja jina langu.